Je, Wajua? Zilizopendwa Zilizotembea Kuliko Waimbaji Wao

Rongai yetu ni ile ya mahindi na reli, jirani ya Nakuru, si Ongata Rongai ya matatu za muziki wa kupasua masikio. Lakini redio ikianza kupiga zilizopendwa Jumapili mchana, Rongai zote mbili huwa kijiji kimoja. Haya, ongeza sauti kidogo.

Nyota wa Mississippi aligeuka nusu mtu, nusu paa

Mwaka 1950, huko Kapkatet, ng'ambo ya msitu wa Mau, wasichana wa Kikipsigis walirekodiwa wakimwimbia Mmarekani aliyekuwa kaburini kwa miaka 17! Huyo ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa zamani wa reli aliyepata umaarufu kwa muziki wa kantri na kwa ile sauti yake ya kurukaruka kooni. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa kabla yeyote hajaiona sura yake, basi watu wakamchorea ya kwao: nusu binadamu, nusu paa. Hata jina wakamsajili upya, Chemirocha, kisha wakamwalika aje acheze nao. Mtafiti Hugh Tracey alikuwepo na mitambo yake, akaunasa wimbo. Zaidi ya miongo sita baadaye rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet. Mimi sijui msanii mwingine wa nje aliyepewa heshima ya kuwa na kwato.

Kibao cha Nairobi kiliingia ishirini bora za Uingereza

Wazungu nao walitamani vyetu. Mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ilirekodi "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, mfalme wa twisti, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya 14 Uingereza. Hawa Tremeloes hawakuwa watu wa kubahatisha: mwaka 1962 kampuni ya Decca iliwajaribu wao na vijana wanne wa Liverpool siku moja, ikawachukua wao. Vijana walioachwa waliitwa The Beatles.

Utamu ulikuwa upande wa pili

Santuri ndogo ya inchi 7, isiyozidi kisahani cha chai sana, huzunguka mara 45 kwa dakika na hubeba dakika nne au tano hivi kila upande. Rumba na benga havikutosha humo! Basi wimbo ukakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: mapenzi, salamu, malalamiko ya mshahara. Halafu sauti inafifia, sindano inakwaruza, mtu anainuka kugeuza santuri, na wachezaji wanabaki wamesimama katikati ya sakafu wakingoja. Upande wa pili magitaa yanafunguliwa minyororo. Ukisikia leo redioni wimbo wa zamani ukizimwa katikati, jua umedhulumiwa.

Kibao cha 1977 kilitoka kambini

"Charonyi ni Wasi" iliimbwa kwa Kitaita na Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya, chini ya Habel Kifoto. Kenya nzima ikacheza, Kitaita wakijue wasikijue.

Boney M hawakutosheka na wimbo mmoja wa Kiswahili

Kundi hilo la Ujerumani lilirekodi "Malaika" mwaka 1981, kisha mwaka 1983 likaichukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla. Ndiyo, ile ya watalii.

Fundi wa fedha alimpa mzaliwa wa Nairobi kibao cha dunia

Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, aliwaomba wasikilizaji wa kipindi chake cha redio huko Uingereza wamtumie mashairi. Ron Webster, fundi wa fedha wa Birmingham, akatuma lililozaa "The Last Farewell". Wimbo ulitoka mwaka 1971 ukapita kimya. Miaka minne baadaye, mke wa mkuu wa vipindi wa redio moja ya Atlanta aliusikia akiwa Kanada na akamsihi mumewe aupige. Simu za wasikilizaji zikafuata, na Uingereza wenyewe wakaupandisha hadi nafasi ya pili.