Ukipanda Elgon, nunua sponji kabla ya hema

Kama unaishi Kitale, mlima Elgon unauona kila asubuhi ukingoja matatu. Wikendi ndefu ikikaribia mnapanga na marafiki: tuingie Chorlim, tulale juu, tupige picha. Kisha mnaenda mjini kutafuta hema, na hapo ndipo pesa zinaanza kupotea.

Mimi yalinipata. Safari yangu ya kwanza nilitoka Bungoma na hema la bei rahisi la watu wanne, shuka ya Kimaasai, viazi na sufuria ya nyumbani. Begi lilikuwa zito ajabu, lakini cha kutandika chini sikuwa nacho. Saa nane usiku nilikuwa nimeketi magoti kifuani, meno yakigongana, naongea ovyo, rafiki yangu akinitikisa nisilale. Hiyo si baridi ya kuchekea, bana. Mwili ukishindwa kujipa joto, akili huanza kupotea, na watu hufa hivyo.

Piga hesabu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kilele cha Koitobos ni mita 4,222. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi 6. Ukilala mita 3,500, toa nyuzi 10 hivi kwa ile baridi ya Kitale unayoijua. Halafu ardhi inakunyonya joto usiku kucha.

Ndiyo maana nasema sponji kwanza. Si ile ya godoro, hiyo hufyonza maji na kubonyea. Tafuta ile ngumu isiyoingiza maji, inayokunjwa kama mkeka. Haifiki hata kilo moja.

Mfuko wa kulalia utaupata mitumba ukiwa na subira. Lebo yake mara nyingi huwa na nyuzi mbili au tatu. Usidanganywe na ile ya chini kabisa, hiyo ni ya kunusurika tu. Soma ile ya kulala vizuri. Ya manyoya ya bata ni mepesi sana, ila yakilowa hayana joto tena. Kwa mvua zetu, chukua wa sintetiki.

Sasa hema. La watu wawili, lenye tabaka mbili, kwa sababu kwa lile la tabaka moja pumzi zenu hugeuka maji na kuwadondokea. Mmoja abebe fito, mwingine kitambaa. Na usiamini uzito ulioandikwa kwenye boksi: mimi yangu nilipima kwa mizani ya mama wa viazi sokoni, akaniuliza kama nauza.

Kabla ya safari, lisimamishe nyuma ya nyumba, mmoja wenu aingie ndani, mwingine amwage ndoo tatu za maji juu yake. Majirani watacheka sana. Likivuja, bado una risiti.