Riwaya ya upelelezi si adui wa historia

Katika miaka yangu ya ualimu, lipo kosa moja ninalolikumbuka kila nimwonapo kijana ameinamia kitabu. Mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa ameficha chini ya dawati riwaya ya A. E. Musiba, "Kikosi cha Kisasi". Nilimpokonya, nikamwamuru asome vitabu vya maana. Alinitii kupita kiasi. Mpaka alipomaliza shule sikumwona tena na kitabu kisichokuwa cha mtihani.

Nilikuwa nimesahau nilikotoka. Mimi mwenyewe mapenzi ya kusoma nilitiwa na Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla. "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka wa 1960, niliisoma kwa mwanga wa koroboi hadi mafuta yakaniishia. Bwana Msa alinizoeza kutosadiki neno kabla ya kulipima: nani alikuwa wapi, nani aliona nini, na nani hufaidika ukweli ukifichwa.

Mazoea hayo yalinifaa nilipokutana na "Kuli" ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka wa 1979. Riwaya hiyo imejengwa juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka wa 1948. Kwamba waligoma si siri. Hata hivyo, nilifungua kila ukurasa roho ikiwa juu, nikitaka kujua jinsi kijana Rashidi atakavyotoka katika kunyamaza na kuingia katika kudai haki. Ndipo nilipotambua kuwa riwaya ya upelelezi humficha msomaji mwisho, ilhali ya kihistoria humwachia mwisho wazi ili atafute sababu. Zote mbili humfanya msomaji awahoji mashahidi.

Wapo wenzangu watakaodai kwamba riwaya za taharuki zina risasi nyingi na fikra haba. Sikatai, zipo za namna hiyo. Lakini zipo pia za kihistoria zilizo kavu mithili ya orodha ya tarehe. Isitoshe, Willy Gamba wa Musiba alikuwa akipambana na vibaraka wa makaburu wa Afrika Kusini. Utawala huo wa ubaguzi uliondoka mwaka wa 1994, na vijana wa leo hawakuuona. Kumbe kitabu nilichokipokonya kwa kuwa si cha maana kilikuwa kimebeba historia!

Kwa hivyo, walimu wenzangu, mkimkuta mwanafunzi na riwaya ya upelelezi, msimkemee. Muulizeni amefika wapi na anamshuku nani. Akishajibu, mpeni "Kuli", mwambieni humo pia mna jambo la kupelelezwa. Nanyi wanafunzi, someni bila ya kujificha. Mimi nilichelewa kuyasema haya kwa mmoja wenu.