Ufadhili au mkopo? Tusome kabla ya kutia saini

Wiki iliyopita kina mama wa kikundi cha mwani, huku kusini mwa Kwale, waliniletea karatasi niwasomee. Mwaka jana waliambiwa wamepata "ufadhili" wa kununua kamba na kujenga vichanja vya kuanikia. Wakapiga vigelegele. Sasa wamepokea barua ya kudaiwa, na riba juu. Kumbe walichotia saini kilikuwa mkopo.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, fadhl, yaani wema unaozidi ule unaokupasa. Humo ndimo ilimotoka fadhila, na hata tafadhali tunayoitamka kila siku. Wazee wetu walimfadhili mtu: yatima alilishwa, akavishwa, akasitiriwa. Ndiyo ile methali, mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Siku hizi kinachofadhiliwa ni warsha, kisima na utafiti, na mfadhili anataka ripoti kila robo mwaka.

Hata hivyo msingi haujabadilika. Fedha za ufadhili hazirudishwi. Zikirudishwa ni mkopo, hata riba iwe ndogo vipi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, angalau haikuficha jina. Udhamini nao una njia yake, ingawa matangazo ya mpira yametuzoesha kuuchanganya na ufadhili. Mdhamini ni yule anayesimama mahakamani akasema: huyu akitoroka, nishikeni mimi. Ruzuku, iliyo ndugu ya riziki, aghalabu hutoka serikalini, kama ile ya mbolea.

Linaloniudhi zaidi ni basari. Mwanasiasa anapanda jukwaani na hundi kubwa ya kadibodi, anaitwa mfadhili, naye hakatai. Hazina ya maeneo bunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ni fedha za umma. Yule mama anayepiga goti kushukuru huichangia kila anaponunua sabuni. Huwezi kumfadhili mtu kwa fedha zake mwenyewe. Hapo neno sahihi ni mgao, na mgao huulizwa hesabu.

Tukirudi kwa kina mama wa mwani, mwenyekiti wao aliniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo riba tutaitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Karatasi ingali mezani kwangu, na Jumatatu tunaipeleka kwa afisa wa ushirika wa kaunti.