Je, wajua? Ngurumo ile kwenye video si sauti ya upepo

Tazama video za mtandaoni zinazorekodiwa na vijana wa Gisenyi ufukweni mwa Ziwa Kivu. Picha hazina kasoro: maji yametulia, mwanga mzuri, mji wa Goma unaonekana pembeni. Kisha msemaji anafungua kinywa na kinachosikika ni burrr tupu. Mtazamaji anapita zake. Picha yenye chengachenga watu huivumilia, ila sauti mbovu hawaivumilii hata kidogo, ndiyo maana anayeniuliza anunue kamera gani kwanza humjibu: nunua maiki.

Na ngurumo ile, je, wajua kwamba hewani haipo? Aliyesimama karibu na mpiga picha haisikii. Inazaliwa ndani ya maiki yenyewe.

Maiki ya simu ya kisasa ni kijisanduku cha milimita tatu au nne, kidogo kama punje ya mchele. Ndani yake mna utando wa silikoni wenye upana wa chini ya milimita moja. Kazi ya utando huo ni kucheza kila shinikizo la hewa linapobadilika, na mabadiliko yenyewe ni madogo mno. Pale ziwani, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa paskali kama 85,000. Mtu akizungumza kawaida umbali wa mita moja, anaitikisa kwa paskali 0.02 tu. Sasa uje upepo wa kawaida wa mita 5 kwa sekunde, ule usioweza hata kumvua mtu kofia: ukigonga kitu, shinikizo lake hufikia paskali 12. Hiyo ni mara 600 ya maneno yako! Utando hauna namna ya kujua lipi neno na lipi kishindo. Unayumba, na maneno yanamezwa.

Dawa yake ni lile koti la manyoya linalovishwa maiki, ambalo wengi hulidhani pambo. Manyoya huvunja kasi ya upepo kabla haujafika, kukabaki tabaka la hewa tulivu kuuzunguka utando. Sauti, kwa kuwa ni mtikisiko na si mwendo wa hewa, hupenya bila shida. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea mjini, kwa hiyo anayetoka mtaa wa Nengo kuteremka ufukweni saa nane mchana bila koti hilo anajitafutia hasara. Asubuhi na mapema kazi huwa nyepesi zaidi.

Maiki ndogo na rahisi haikuja yenyewe. Mwaka 1962, katika maabara ya Bell nchini Marekani, James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia, na Gerhard Sessler, Mjerumani, walitumia karatasi nyembamba ya plastiki iliyotiwa chaji ya umeme isiyotoka. Kabla ya hapo maiki nzuri za aina hiyo zilidai umeme wa nje ili utando uwe na chaji. Ugunduzi wao ukaingia kwenye simu, vinasa sauti na vifaa vya kusaidia kusikia, na maiki nyingi za kubana kwenye kola bado zinatumia mbinu hiyo hiyo.

Kubana kwenye kola kuna sababu. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka desibeli 6. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kinywani, kisha ukaiacha kwenye simu mita 1.6 mbele, umepoteza desibeli 18, na kelele za pikipiki zilizo nyuma yako hazijapungua hata desibeli moja. Jaribu kurekodi wavuvi wa sambaza (samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950). Jioni hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia na kuimba. Ukiwa ufukweni utapata picha ya kupendeza na wimbo hafifu usiofaa kitu. Omba ruhusa, panda nao, au mpe mmoja wao maiki abane kwenye shati.

Kuhusu taa, neno moja tu. Umeme wa Rwanda ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi ndani na picha ikawa na mistari inayotembea, weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Mistari itaondoka.

Kinachobaki ni kutunza mafaili, na hapa wengi hukosea hesabu. Ili kuokoa nafasi, wanaibana sauti mpaka inakwaruza. Video ya 4K kwenye simu hula kama megabaiti 170 kwa dakika, na ya 1080p kama 60, hata kwa mfumo mpya wa kubana. Sauti ya maiki moja isiyobanwa kabisa, ya sampuli 48,000 kwa sekunde, haifiki hata 6. Nafasi ikiwa finyu, shusha picha kutoka 4K hadi 1080p na faili la sauti uliache kama lilivyo.