Mbau: Kartushi inayoingia katika bunduki si lazima iifae

Mlio mmoja wa bunduki ukisikika upande wa pori, wakaaji wa Mbau huacha kazi na kusikiliza. Je, ni mwindaji, ni askari, ama ni wauaji? Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika mtaa wa Beni mwezi wa Oktoba 2014, swali hilo limewatoa watu wengi katika mashamba yao ya kakao na mihogo. Lakini kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: ile ambayo mwindaji anaishika mwenyewe mikononi, anapofyatua kartushi iliyojazwa upya nyumbani.

Mbau iko karibu kilometa 20 kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 4, pale panapoanzia njia ya kwenda Kamango kupitia mto Semuliki. Magharibi ni pori linaloelekea Ituri. Mashariki ni Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambamo kuwinda kumekatazwa kabisa.

Katika mapori ya Kongo, bunduki ya kuwinda inayojulikana zaidi ni kalibri 12. Kuna pia zile za mafundi wa kienyeji, ambazo watu huziita poupou. Kartushi mpya ni ghali, na ganda lililokwisha kutumika halitupwi.

Vitu vinne

Kartushi ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na risasi yenyewe. Baada ya kufyatua, ganda peke yake ndilo linalobaki. Kujaza upya maana yake ni kuweka fataki nyingine, baruti nyingine na risasi nyingine ndani ya ganda lilelile.

Kazi hiyo haifanywi Kongo tu. Marekani maelfu ya wawindaji huifanya kihalali, kwa mizani, vipimo na vitabu vya viwanda vya baruti. Baadhi yao wanapenda bunduki zenye mtutu mpana, zinazokokiwa kwa kusukuma chini kipete cha chuma kilicho chini ya kifyatulio. Historia ya risasi za bunduki hizo ina somo linalomhusu hata mwindaji wa Mbau.

Risasi yao ya zamani ni .45-70, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Jina lake linasema yote: upana wa inchi 0.45, na baruti nyeusi ya grein 70, yaani gramu 4 na nusu hivi. Ilitengenezwa kwa bunduki dhaifu za wakati huo. Baadaye chuma kilikuwa bora, na watu wakaanza kuijaza kwa nguvu zaidi.

Ndipo tatizo likazaliwa. Ganda ni lilelile, kwa hiyo kartushi ya nguvu nyingi inaingia bila shida katika bunduki ya babu, na inaweza kuipasua. Ndiyo maana vitabu vya kujaza hutenga .45-70 katika mafungu matatu: la bunduki za zamani, la bunduki za kipete za sasa, na la bunduki ngumu kuliko zote.

Mwaka 2000 ilitokea .450 Marlin, yenye nguvu kama ya .45-70 iliyojazwa sana. Watengenezaji waliizungushia pete ya chuma kwenye kitako, kusudi isiingie kamwe katika bunduki za zamani. Hawakutaka usalama utegemee kumbukumbu ya mtu.

Kuna nyingine, .405 Winchester ya mwaka 1904. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliisifu sana kwa simba alipowinda Afrika Mashariki mwaka 1909. Mwanzoni mwa 1910 alifika mpaka Lado, kandokando ya Nile, sehemu iliyokuwa bado chini ya utawala wa Kongo, akaua vifaru weupe. Lakini kwa wanyama wakubwa zaidi alikuwa na bunduki nyingine, yenye mitutu miwili. Kila bunduki ilikuwa na risasi yake.

Bari 740 na bari 3,550

Kwa kalibri 12 hakuna pete ya kumzuia mtu. Vyumba vya risasi vya bunduki hizo vina urefu tofauti: milimita 65, 70 au 76. Kartushi ya 70 inaweza kuingia katika chumba cha 65, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Inapofyatuliwa mdomo unafunguka, unakosa nafasi, na mgandamizo unapanda. Urefu huo huwa umeandikwa kwenye chuma cha bunduki. Katika poupou hakuna kilichoandikwa.

Hatari kubwa zaidi ni baruti. Baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi hazilingani hata kidogo. Anayeipima mpya kwa kijiko cha ile ya zamani anatengeneza bomu.

Hesabu za viwanda zinaonyesha kwa nini baruti ya risasi ya vita haifai kwa bunduki ya kuwinda. Kartushi ya kawaida ya kalibri 12 haitakiwi kupita mgandamizo wa bari 740. Risasi ya Kalashnikov inaruhusiwa kufika bari 3,550, karibu mara tano. Mpira wa pikipiki unajazwa bari 2 hivi. Bomba la maji lililogeuzwa mtutu halikutengenezwa kwa mizigo hiyo. Likipasuka, linapasukia pale penye vidole na macho ya mwenye kufyatua.

Sheria na hofu

Sheria ya silaha ya Septemba 1985 inataka kibali kwa mwenye bunduki na risasi. Ile ya uwindaji, ya Mei 1982, inadai ruhusa ya kuwinda. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko pia chini ya état de siège, na askari ndio wanaotawala. Mtu anayekutwa porini na bunduki isiyo na karatasi, pamoja na mfuko wa maganda na baruti, atapata shida kueleza kwamba alikuwa akitafuta nyama tu.

Aliyeumia naye hujikuta katika mtego huo. Kwenda hospitali kunamlazimu kusema mkono umeumizwa na nini, na woga unaweza kumfanya abaki nyumbani na kidonda.

Kwa mwenye bunduki halali, hatua ya kwanza haihitaji pesa: kusoma urefu wa chumba ulioandikwa kwenye chuma, kuulinganisha na ule wa kartushi, na kukataa ile ambayo hajui imejazwa na nani wala kwa baruti gani, hata kama inaingia vizuri.