Watunza Ardhi Wenye Nyumba za Magurudumu

Katika jamii hii nyumba huingia kinyumenyume. Dereva yuko kwenye usukani na nyuma haoni kitu. Mwenzake amesimama kule mwisho, mikono juu, na kabla hajamaliza kuita "njoo, njoo, kata kushoto," majirani wawili watatu wameshatoka kwenye magari yao. Mmoja anaangalia tawi la mti juu ya paa, mwingine bomba la maji lililochomoza chini. Hakuna aliyewaita. Nyumba ikishatua juu ya zege lake, ikasawazishwa kwa jeki, ikaunganishwa umeme, maji na bomba la maji taka, mgeni amekuwa mwenyeji. Jioni ileile ataambiwa abebe kiti chake aje kuota moto.

Hawa ni Wamarekani wa kujitolea wanaoishi barabarani. Wengi ni wastaafu. Waliuza nyumba zao au waliwaachia watoto, wakahamia kwenye gari-nyumba au karavani ya kuvutwa, na sasa wanazunguka kutoka hifadhi moja hadi nyingine wakitunza ardhi ya umma bila mshahara. Majira ya baridi wako kusini: Texas, Arizona, New Mexico, Florida. Joto likizidi hupanda kaskazini, Oregon, Montana, wengine hadi Alaska. Anayewaona kwa mbali huwadhani watalii wasiojua kurudi kwao. Neno hilo haliwastahili hata kidogo.

Makubaliano yao na serikali yana fomu na sahihi, lakini kiini chake ni cha kale: nipe pa kulala, nikupe mikono yangu. Hifadhi inatoa zege la kuegesha, umeme, maji na mahali pa kumwaga maji taka. Mgeni anatoa kazi, kwa kawaida kati ya saa 20 na 32 kwa wiki kutegemea hifadhi, kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahsusi ya kuimarisha kazi hizi za kujitolea katika hifadhi za wanyamapori. Anayefikisha saa 250 hupewa kadi ya kuingia bure mwaka mzima katika ardhi za burudani za serikali kuu. Hifadhi zenyewe zilianza na kisiwa kidogo cha Pelican, Florida, alichokitenga Rais Theodore Roosevelt mwaka 1903 ili kuwanusuru ndege waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia. Leo ni zaidi ya 560.

Kazi ni ya mikono, na sehemu kubwa yake haionekani. Kufyeka njia za miguu kabla nyasi hazijazimeza. Kubadilisha nguzo za uzio zilizooza. Kuzoa majivu kwenye meko za kambi, kuzibua mitaro, kusugua vyoo vya shimo, kupaka rangi vibao. Mipakani mwa kila hifadhi kuna kibao chenye picha ya bata bukini wa buluu anayeruka, alama iliyochorwa na mchoraji wa katuni Ding Darling, ambaye miaka ya 1934 na 1935 aliongoza idara ya serikali iliyosimamia wanyamapori. Jua la kusini hufubaza kibao, mvua hukitia kutu, na wako wapita njia wanaokilenga shabaha kwa bunduki. Mzee wa miaka 70 atatembea mpaka mzima, koleo begani, akivibadilisha kimoja kimoja. Asipofanya hivyo, mwindaji atasema hakujua alipoingia, na atakuwa na hoja.

Iko kazi moja ambayo kila aliyepita Bonde la Mto Rio Grande ataisimulia, nayo ni kupambana na tamariski. Mti huu uliletwa Marekani kutoka Ulimwengu wa Kale katika karne ya 19, ukapandwa kwa kivuli na kwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Ukapenda mahali pale kupita kiasi. Umeziba kingo za mito, ukasukuma nje mierebi na miti mingine ya asili ambayo ndege waliizoea, na chumvi inayotoka majanini mwake hulundikana juu ya udongo. Ukiukata na kuondoka, kisiki kinachipua. Kwa hiyo kazi hufanywa na wawili: mmoja anakata kwa msumeno wa mashine, na mwenzake aliyefunzwa anapaka dawa kwenye kisiki dakika hiyohiyo, jeraha bado bichi. Mwaka unaofuata kundi jingine hurudi palepale kuangalia machipukizi. Katika hifadhi ya Bosque del Apache, New Mexico, iliyoanzishwa mwaka 1939, matingatinga yamefanya sehemu kubwa ya vita hivyo, lakini pale tingatinga lisipofika huenda binadamu na msumeno wake. Anayekata leo huenda asiuone mwerebi utakaoota mahali pale. Analijua hilo, na bado anakata.

Mila zao hazikuandikwa popote, lakini mgeni huzijua ndani ya wiki moja. Hupiti katikati ya eneo la mtu, hata kama hapana uzio. Zege na kipande cha nyasi kando yake ni ua wake. Jenereta huzimwa usiku unapoingia. Ukutani nje hubandikwa ramani ya Marekani, na jimbo huongezwa pale tu mwenye gari alipolala ndani yake; kupita tu hakuhesabiki. Chakula cha pamoja kila mtu huja na chungu chake, sahani yake na kiti chake. Ukiwauliza wanatoka wapi, jibu linachelewa. Wengi wana anwani katika mji wanaouona mara moja kwa mwaka, kwa sababu bila anwani huna leseni, huna bima, hupigi kura. Mji wa Livingston, Texas, una makao ya Escapees, chama kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, ambacho hupokea barua za wanachama na kuwatumia popote walipo. Wanapoachana hawapendi kusema kwaheri. Husema: tutaonana njiani.

Sasa niseme juu ya magari, maana hapo ndipo maisha haya hupimwa. Kwetu gari likiharibika tunashuka, tunapanda jingine, tunalala nyumbani. Kwa hawa gari likiharibika, ni kitanda, jiko, dawa za presha, picha za wajukuu na paka, vyote vimesimama kando ya barabara. Tena sheria ina mpaka wake. Mtu wa kujitolea akijikata kwa msumeno akiwa kazini, hulindwa na fidia ya wafanyakazi wa serikali kuu. Tairi likipasuka akiwa njiani kwenda kuanza kazi, ni shauri lake na mfuko wake.

Na matairi hupasuka. Haya ni magari mazito yanayokaa tuli miezi mitatu juani, kisha yanatakiwa kukimbia kilomita 2,000. Kashata za tairi zinaweza kuonekana mpya kabisa huku mpira umekauka na kupasuka-pasuka ubavuni. Ndiyo maana mzoefu huinama kwanza kusoma tarakimu nne zilizopigwa mhuri kwenye tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016, na fundi mwangalifu hatazitazama kashata zake, atasema litoke. Kisha kuna panya wa jangwani, wanaojenga viota juu ya injini na kutafuna nyaya. Huko Arizona utakuta magari yamefunguliwa boneti usiku kucha na taa zimewashwa chini yake, kwa kuwa panya hao hupenda giza. Kuna breki za upepo zinazovuja, chumba cha kusukuma nje kinachokataa kurudi ndani asubuhi ya safari, pampu ya maji inayokufa Ijumaa jioni.

Ndipo jamii inapojitokeza. Mmoja ana waya wa kuchajia betri, mwingine alikuwa fundi umeme kwa miaka 30, wa tatu ana gari dogo na atakupeleka mjini kutafuta spea, mwendo wa saa nzima kila upande, bila kutaja mafuta. Zamu yako ya kesho ameshaichukua jirani. Ukitoa pesa zitarudishwa mkononi mwako, na utaambiwa umsaidie atakayekwama mbele yako. Wengine hulala wiki nzima ndani ya nyumba yao, nyumba iko kwenye uwanja wa gereji, fundi anaingia mlangoni saa mbili asubuhi na wao wanatoka na birika la kahawa. Nimeitafakari sana desturi hii. Naamini ubovu wa magari ndio uliowafunga pamoja kuliko mandhari yote ya nchi ile. Kila mmoja anajua zamu yake ya kukwama inakuja, kwa hiyo hakuna anayejifanya hakuona.

Jangwa la Arizona lina ushahidi wa zamani wa kukwama safarini. Mji mdogo wa Quartzsite hujaa magari-nyumba kila Januari, na nje yake serikali imetenga ardhi ambako kwa kibali cha kulipia mtu anaweza kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Katika makaburi ya mji huo kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Amelala hapo Haji Ali, aliyeletwa katika miaka ya 1850 kuongoza ngamia wa Jeshi la Marekani lilipojaribu kusafirisha mizigo jangwani. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Ngamia waliachwa, yeye akabaki, akafa mwaka 1902. Watu wa magurudumu hupita kumwona. Msafiri aliyefia ugenini, chombo chake cha safari kikiwa kimekataliwa, hawezi kuwa mgeni kwao.

Uzee nao ni ubovu usio na spea. Siku inafika macho hayaoni barabara usiku, au mmoja wa wawili anafariki na aliyebaki hajawahi kushika usukani wa gari la tani 12. Kule Livingston wapo wanachama walioegesha kwa mara ya mwisho. Wanakaa katika nyumba zao zilezile za magurudumu, wanaletewa milo, wanapelekwa hospitali, na wanaowahudumia ni pamoja na wenzao wa kujitolea waliokuja na magari yao. Katika mila zao zote, hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko nyingine.

Lipo pia linaloniudhi. Wafanyakazi wa kudumu wa hifadhi hizi wamekuwa wakipungua kwa miaka mingi, na mapengo yamekuwa yakizibwa na wazee hawa. Kujitolea ni kuongeza juu ya kilichopo. Serikali inapomtegemea mstaafu mwenye goti bovu kufanya kazi ya mwajiriwa aliyeondolewa, imeugeuza ukarimu wake kuwa akiba ya bajeti, na hilo si haki kwake wala kwa ardhi. Wao wenyewe husema hivyo wakiota moto, kisha asubuhi wanavaa glavu.

Mfano wa kinachotunzwa ni Hifadhi ya Aransas, pwani ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1937. Mwaka 1941 korongo weupe wakubwa waliokuja kukwepa baridi hapo walikuwa takriban 15 tu. Leo kundi hilo lina zaidi ya 500. Kila Oktoba na Novemba huwasili kutoka Wood Buffalo, Kanada, safari ya kilomita 4,000, kula kaa kwenye maji ya chumvi, na katika majira hayohayo magari-nyumba huanza kuingia kinyumenyume kwenye mazege yao. Aprili ndege huondoka, na magari nayo huondoka. Njia za miguu zinabaki zimefyekwa.