Je, Wajua? Mapango ya Dambulla

Je, wajua kwamba hekalu la mapangoni la Dambulla, nchini Sri Lanka, lilianza kama maficho? Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Mfalme Valagamba alipokonywa kiti na wavamizi kutoka kusini mwa India, akakimbia mji wake wa Anuradhapura. Masimulizi ya huko husema alijificha kwa miaka 14. Alipoutwaa tena ufalme, akayafanya mapango hayo hekalu.

Kutoka Kandy ni kama kilomita 72. Ukidamka mapema, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Bajaji za kukufikisha chini ya mlima zipo tele. Kisha ni ngazi, maana mwamba umeinuka takriban mita 160 juu ya tambarare. Njiani kuna nyani wadogo wasioogopa mtu. Ndizi yako wataiona kabla hujaimenya.

Je, wajua kuwa viatu havivuki lango? Unamwachia mtunzaji, unampa chochote. Adhuhuri mawe ya uani huchoma nyayo, ndiyo maana wazoefu huja na soksi. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Na usimpe Buddha mgongo ili upigwe picha: hapo umewavunjia heshima wenye dini yao.

Mapango ni matano. Katika la kwanza, Buddha aliyelala ana urefu wa kama mita 14, na hakuletwa kutoka popote: alichongwa kwenye mwamba uleule. La pili ndilo kubwa kuliko yote. Humo maji hudondoka kutoka darini na kukingwa chomboni kwa ajili ya ibada. Wenyeji husema hayakauki hata kiangazi.

Michoro ya ukutani na darini inafunika kama mita 2,100 za mraba, na mingi iliyopo leo ni ya karne ya 18. Wachoraji hawakuusawazisha mwamba. Walifuata mikunjo yake, hata dari likaonekana kama turubai la hema.

Mfalme Nissanka Malla alizipaka sanamu dhahabu karne ya 12, na watalii huzikimbilia hizo. Mimi ningesimama kwanza nje, niangalie juu. Kwenye paji la mwamba pamechongwa ukingo mrefu. Mvua ikiteremka juu ya jiwe, ingefuata mteremko hadi ndani. Ikifika kwenye ukingo huo inakatika na kudondokea nje. Kazi ya patasi tu, na bila hiyo rangi zote zile zingekuwa zimekwisha oshwa.

Zile baraza nyeupe za mbele, zinazopendeza sana pichani? Za juzijuzi: 1938.

Na mji wa Dambulla wenyewe unajulikana Sri Lanka nzima kwa jambo jingine kabisa: soko kubwa la jumla la mboga, ambako malori hupakia vitunguu na maboga ya kupeleka Colombo.